Mkesha wa mwaka mpya: azimio lisemwe kanisani, lilelewe jumuiyani

Shule hazijafunguliwa bado, na tayari nimeshaambiwa mara tatu kwamba maazimio tuliyoyasema kanisani usiku wa mkesha ni kazi bure. Walioniambia si watu wa kubeza ibada. Mmoja wao ni mwalimu wangu wa Shule ya Jumapili, mama ambaye sikumbuki akikosa mkesha tangu nikiwa mtoto. Anasema tukeshe, tuimbe, tumshukuru Mungu aliyetuvusha, kisha twende nyumbani tukalale. Ile desturi ya watu kusimama mmoja mmoja na kutamka watakachoacha au watakachoanza, yeye anataka ifutwe.

Anazo sababu. Ya kwanza ni Maandiko. Mhubiri, sura ya 5, anaonya kwamba ni heri mtu asiweke nadhiri kuliko kuiweka asiitimize, na Bwana Yesu alifundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo, basi. Ya pili ni namna mikesha mingine inavyoendeshwa siku hizi. Mwaka unapewa jina kwa herufi kubwa ukutani, mwaka wa kuvuka, mwaka wa kumiliki, halafu bahasha zinapita, na muumini anarudi nyumbani amejifunga ahadi ya fedha wakati sare na madaftari ya watoto hayajanunuliwa. Hilo sina la kulitetea. Sadaka inayotolewa kwa hofu kwamba usipotoa mwaka utakufungia milango si sadaka, na wanaoziita hivyo wanajua.

Sababu yake ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni aibu.

Miaka michache iliyopita ndugu mmoja wa jumuiya yetu alisimama kwenye mkesha akasema ataacha pombe. Sisi ni nyumba kumi na nne tunaokutana alfajiri ya Jumamosi, tunajuana. Hakuna aliyemsukuma. Mvua ilikuwa inapiga bati, sauti yake ikamezwa, mchungaji akamwomba arudie. Mara ya pili alisema kwa nguvu sana, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto, na mkewe akainamisha kichwa. Tukapiga makofi. Hadi katikati ya Februari alikuwa anafika jumuiya akiwa na kitabu chake cha nyimbo. Machi akakosa mara moja, akakosa mara mbili, kisha hatukumwona tena. Akiniona njiani alikuwa anavuka upande wa pili wa barabara. Mwalimu wangu akizungumzia maazimio, mtu anayemtaja ni huyu. Asingesimama mbele ya kanisa zima, anasema, pengine angeendelea kunywa, lakini angeendelea pia kuja.

Hoja hiyo imenikosesha usingizi zaidi ya mara moja. Nimeigeuza huku na huku, na kila nikiirudia naona kwamba kosa letu halikuwa kumsikiliza akiazimia. Kosa ni tulichofanya baada ya makofi, yaani hatukufanya kitu.

Upo utafiti mmoja ambao ningependa kila mzee wa kanisa aujue. Mwaka 1988 mwanasaikolojia wa Marekani, John Norcross, pamoja na mwenzake, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 200 walioweka maazimio ya mwaka mpya, kwa miaka miwili mizima. Wiki moja ilipopita, asilimia 77 walikuwa bado wameshikilia. Miezi sita ilipopita, walikuwa asilimia 40. Miaka miwili ilipotimia, asilimia 19. Wanaosema maazimio ni bure huikimbilia hiyo 19, na wana haki, kwa kuwa ni kweli kwamba wengi walishindwa.

Ndani ya utafiti huohuo, hata hivyo, mna mambo mawili ambayo sisikii yakitajwa. La kwanza linawahusu wale waliofaulu. Asilimia 53 kati yao walianguka njiani angalau mara moja, na wastani wa kuanguka kwa miaka ile miwili ulikuwa mara 14. Naomba msomaji akae na namba hiyo kidogo. Mara kumi na nne, na hawa ndio walioshinda. Chukua mtu anayetaka kuacha sigara: anaacha, anawasha, anaacha, anawasha tena. Ukimkuta siku aliyoanguka mara ya tisa, na moshi unamtoka puani, utasema azimio lake limekufa, kumbe mtu yuko katikati ya safari na atafika. Sisi tulimkuta ndugu yetu akianguka labda mara ya pili, labda ya tatu, tukamhesabu kuwa ameshindwa. Hatukumtamkia neno hilo. Tulimwonyesha kwa kunyamaza, na yeye akaelewa vizuri sana.

La pili linanigusa hata zaidi. Watafiti hao waliangalia pia kama kuungwa mkono na watu wa karibu kunaonyesha nani atafaulu. Katika miezi sita ya mwanzo hakukuonyesha. Baada ya miezi sita kukaanza kuonyesha.

Kama naisoma sawasawa, maana yake ni kwamba Januari mtu anaweza kujibeba. Nyimbo za mkesha bado ziko masikioni, nia iko juu, hata aibu ya kurudi nyuma haraka inamshikilia. Anapohitaji watu ni baadaye, wakati ambao watu wameshasahau. Sisi tunafanya kinyume kabisa. Makofi, machozi, kukumbatiana, vyote tunavimaliza usiku mmoja. Ikifika Julai, mahindi yameshavunwa, baridi ya Mbeya imetufungia ndani, hakuna hata mmoja anayegonga mlango kuuliza lile neno la mkesha limefika wapi. Tunampa mtu chakula siku aliyoshiba, na siku ya njaa tunamwacha peke yake.

Watu 200 wa Marekani si usharika wetu, nalijua hilo, na waliulizwa wakajieleza wenyewe, kwa hiyo siubebeshi utafiti huu mzigo wote. Ila unakubaliana na jambo ambalo kanisa lilikwishalijua. John Wesley, mhubiri wa Uingereza aliyeanzisha Umethodisti, alipowaongoza watu wake kuweka agano na Mungu, huko London mwaka 1755, katika ibada ambayo Wamethodisti wengi hadi leo huifanya mwanzoni mwa mwaka, watu hao walikuwa tayari wamegawanywa katika vikundi vya watu kama kumi na wawili, vikikutana kila wiki. Vikundi vyenyewe vilianzia Bristol mwaka 1742 kwa sababu ya deni. Jengo lao lilikuwa linadaiwa, wakakubaliana kila mmoja atoe peni moja kwa wiki, na viongozi wapite kukusanya. Walipopita ndipo wakaanza kuona mambo: huyu mgonjwa, yule amerudia ulevi, nyumba ile mume na mke hawasemezani. Peni iliwafungulia mlango. Nikisoma habari hiyo namwona mhazini wa jumuiya yetu na daftari lake la michango ya misiba. Kwa kupita tu akikusanya, mama yule anajua kuliko mchungaji ni jiko lipi halijawashwa.

Ndiyo maana nasema mwalimu wangu ameona ugonjwa lakini amekosea dawa. Mhubiri anamwonya mtu anayefungua kinywa kwa haraka mbele za Mungu, akijidai ana nguvu asizokuwa nazo. Mtu anayemwambia jirani yake, "mwaka huu nataka kupatana na kaka yangu, nisaidie," amekiri kwamba peke yake hawezi. Yakobo naye anatuambia tuungamiane dhambi zetu na kuombeana. Tukifuta maazimio kwenye mkesha, tutakuwa tumeondoa usiku pekee katika mwaka ambao mwanamume wa kijijini kwetu huthubutu kusema mbele ya wenzake kwamba kuna jambo linamshinda.

Jambo moja zaidi kuhusu mkesha wenyewe. Wamoravian, majirani zetu hapa kusini tangu walipofika Rungwe mwaka 1891, wana desturi ya zamani ambayo sharika zao kadhaa za Ulaya na Marekani bado zinaishika. Usiku wa 31 Desemba husomwa kwanza kumbukumbu ya mwaka unaoisha: waliozaliwa, waliofariki, yaliyowapata. Baadaye mhubiri anahubiri, na saa sita ikigonga matarumbeta yanamkatiza, hata awe katikati ya sentensi. Naipenda sana desturi hiyo. Kwetu tunaukimbilia mwaka mpya kana kwamba ule wa zamani hauna cha kutuambia. Hatutaji waliotutoka, wala hatusemi yale tuliyoazimia mwaka uliopita yaliishia wapi. Hesabu haijafungwa, na tayari tunafungua daftari jingine.

Na si kila mkesha unafaa kuwa mahali pa kuazimia. Mwaka mmoja nilikesha Kilimanjaro, kwa wakwe. Desemba kule watu wanarudi kutoka kila pembe ya nchi, kanisa lilifurika hadi uwanjani, na vijana waliokuja na magari kutoka Dar es Salaam na Arusha walisema maneno mazuri yaliyowatoa wazee machozi. Tarehe 3 walikuwa barabarani. Wale wazee waliowasikia wangewauliza lini, Desemba nyingine? Ushirika wa usiku ule ulikuwa wa kweli, wala sitaki kuupunguzia thamani, lakini azimio angelisema kila kijana kule anakoishi, kwa watu watakaokutana naye sokoni mwezi wa Agosti. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walikuwa wameligusa jambo hili walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kukazia ujenzi wa jumuiya ndogondogo: imani iishi pale mtu anapoishi, kati ya majirani wanaojuana kwa majina.

Kwetu tumebadilisha kidogo, na kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mwalimu wangu na maneno yake. Sasa hivi hasimamishwi mtu. Kabla ya saa sita kila mmoja anapewa nusu karatasi ya daftari, anaandika, anaikunja, na kumkabidhi mtu mmoja wa jumuiya aliyemchagua mwenyewe. Anayetaka kusema kwa sauti anaruhusiwa. Jumamosi ya kwanza ya Julai jumuiya yote inakutana kwa chai na maandazi, karatasi zinarudi mikononi mwa wenyewe, na swali ni moja tu: tumefika wapi? Mzee wetu wa kanisa alisisitiza liulizwe hivyohivyo, kwa wingi. Mwalimu wangu bado anasema karatasi nayo ni nadhiri, na hajaandika ya kwake hata sasa, ila Julai ndiye aliyekanda unga wa maandazi.

Ndugu yetu yule naye alikuja Julai iliyopita. Aliletwa na daftari la michango. Muda wote aliokuwa anatukwepa, hakuwahi kukosa kutoa mchango wa msiba, na mhazini hakuwahi kuacha kumpitia. Alikuwa akifika, akipokea, akiandika, na siku moja badala ya kuondoka akakaa. Hapo ndipo mhazini alipomwambia kuhusu chai ya Julai. Ndugu yetu alipofika aliketi karibu na mlango. Zamu yake ilipofika hakusema kwamba ameacha. Alisema tangu Pasaka amekunywa mara tatu, na mara ya tatu ndiyo aliyoumia zaidi, kwa kuwa alikuwa amekwisha kudhani imepita. Hakuna aliyepiga makofi. Mkewe alikuwa anamtazama usoni.

Mwaka huu ameomba chai ya Julai inywewe kwake. Viti anavyo vitatu tu, amesema, kwa hiyo kila mtu aje na kigoda chake.