Kipimo hasi, homa ipo: nani atamsoma papasi wa Dodoma?

Kijana akimaliza udaktari au maabara hapa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na kusema anataka kuwa mtafiti wa magonjwa ya kitropiki, ushauri anaopewa ni uleule: nenda kwenye malaria. Huko kuna ufadhili, kuna machapisho, kuna safari. Simlaumu anayeufuata, maisha yana gharama. Ila akiniuliza mimi, nitamwambia akamsome papasi.

Papasi ni kupe wa ndani ya nyumba. Mchana hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, usiku hutoka kunyonya damu ya waliolala, na kabla hawajaamka amesharudi shimoni. Anaweza kukaa miaka bila kula. Tembe za Wagogo, zile nyumba za udongo zenye paa bapa, zilimfaa sana. Homa anayoambukiza hupanda ghafla, hukata baada ya siku chache, mgonjwa anaanza kujiona amepona, kisha inamrudia. Kwa mjamzito ni balaa: mimba inaweza kutoka au mtoto akazaliwa njiti. Na dawa yenyewe si ya ajabu, ni penisilini au doksisaiklini.

Watu walishajijengea jina kwa mdudu huyu. Joseph Dutton, daktari kijana kutoka Liverpool, alikuwa Kongo na mwenzake John Todd wakichunguza jinsi papasi anavyoeneza homa. Ikampata yeye mwenyewe, akafia Kasongo Februari 1905 akiwa na miaka 30. Bakteria anayesababisha homa hiyo leo anaitwa Borrelia duttonii, kwa jina la Dutton. Mwaka huohuo Robert Koch, akiwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, aliwaona bakteria hao ndani ya mayai ya papasi. Maana yake mtoto wa papasi anaweza kuzaliwa na maambukizi tayari.

Kinachonikera ni hiki. Zamani mwenye homa alitobolewa kidole, damu ikapakwa kwenye slaidi, ikatiwa rangi, mtu wa maabara akainama kwenye hadubini. Alikuwa anatafuta malaria, lakini kama kulikuwa na homa ya papasi angeiona humohumo: nyuzi nyembamba zilizojikunja kama mzizi wa mchicha, katikati ya chembe nyekundu. Kisha kikaja kipimo cha haraka cha malaria, kikadi cha kudondoshea damu. Kimesaidia sana, sibishi. Kabla yake, pasipokuwa na hadubini, homa nyingi zilipewa dawa ya malaria bila kupimwa. Lakini kile kikadi kinajibu swali moja tu. Kikisema hasi, mgonjwa anaandikiwa antibiotiki ya kubahatisha au panadol, anarudi nyumbani kulala palepale alipoumwa na papasi. Homa ikikata, kila mtu anaridhika. Ikirudi wiki ijayo, anaandikwa kama mgonjwa mpya. Nimeona hadubini kwenye kituo cha afya kimoja imefunikwa kitambaa, juu yake wamepanga mafaili.

Wapo wanaosema tembe zinaisha, bati limeingia kila kijiji, ugonjwa utajifia wenyewe. Huenda. Lakini chini ya bati hilo mara nyingi sakafu bado ni udongo, na papasi hakai kwenye paa. Kule Mvumi, hapahapa Dodoma, watafiti walipulizia dawa nyumba zenye papasi, na mwaka 1998 wakachapisha kwamba homa hii ilipungua kwa watoto wa chini ya miaka 5. Walijua imepungua kwa sababu kulikuwa na watu wa kuisoma slaidi. Leo ikipungua au ikiongezeka, kikadi hakitatuambia.

Kwa hiyo mimi nisingeanza na andiko la kuomba mamilioni kwa wafadhili wa nje. Halmashauri za Chamwino, Mpwapwa na Kongwa zichague vituo vichache. Kila mwenye homa ambaye kipimo cha haraka kimesema hasi apakwe slaidi, msimu mmoja wa mvua, na majibu yaandikwe kwenye rejista pamoja na jina la kitongoji na aina ya sakafu anayolalia. Rangi, slaidi, mtu wa maabara aliyefundishwa upya kuangalia: vingi vya hivyo tunavyo. Kijana akikabidhiwa rejista hiyo, ana mahali pa kuanzia shahada ya uzamivu, na hatahitaji kusubiri mtu wa Ulaya aje kumpa swali la kujibu.