Wao wanalipia Kilatini, sisi tunauliza tija

Mwaka wa tisa huu niko Munich, nauguza wazee. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa Kilatini, na ndiye aliyenitia hamu ya kwenda kuona kamusi yao kubwa ya Kilatini, Thesaurus Linguae Latinae. Kazi ilianza 1894 na mpaka leo haijaisha. Herufi P wameshaimaliza, sasa wako kwenye N na R. N waliiruka kwanza kwa kuwa ina maneno kama "non", yaani "si", ambayo yametapakaa kila mahali.

Vikaratasi vyao ni kama milioni 10, vimepangwa masandukuni, kila kimoja na neno lake na mahali lilipotumika. Vita vikuu viwili vimepita, vikaratasi vipo. Anayelipa ni serikali kuu na jimbo, na anajua fika kwamba hakuna mama anayembembeleza mwanawe kwa Kilatini.

Sasa njooni kwetu Pangani. Ami yangu, mwalimu mstaafu, amekaa miaka na mafundi wa majahazi akiandika majina ya sehemu za chombo: mataruma, foromali, gubeti, demani (ile kamba ya tanga, si msimu). Kaunta buku tatu zimejaa, na michoro pembeni. Kuna ubao mmoja kauandikia majina manne, la nne kaliwekea alama ya kuuliza, maana fundi aliyelijua vizuri ameshazikwa.

Tulimsaidia kuandika andiko la kuomba fedha, akalipeleka ofisi moja. Kijana wa mapokezi akamuuliza, "Mzee, tija yake nini? Ajira ngapi?" Akashauriwa aongeze neno "ubunifu", arudi mwakani.

Najua mtaniambia zahanati hazina dawa, mimi naleta habari za mataruma. Sawa. Lakini ami hakuomba fedha za Munich. Aliomba nauli ya boti, kinasa sauti na mtu wa kumchapia. Kinachotumaliza sisi ni haraka, tunataka utafiti wa lugha uvunwe ndani ya mwaka wa bajeti kama mchicha. Mbona TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, walitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu 1981, madukani sabuni hakuna? Siku hizi tuna Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, tunacheza ngoma na kupiga picha.

Huku nako si peponi. Watafiti wengi vijana wanaishi kwa mikataba mifupi mifupi, na mwaka 2021 walilalamika sana mtandaoni. Kamusi ina uhakika wa kesho kuliko anayeiandika.

Juzi nikamsimulia ami kwa simu. Hakushangaa habari ya fedha. Akauliza, "Na demani, hao Walatini waliiitaje?"

Nikamuuliza yule mzee wangu. Waliiita "pes", yaani mguu. Iko kwenye P, imeshamalizwa.

"Nitajie herufi moja moja," ami akasema, nikamsikia anafungua daftari.