Mabomu 69 na foleni ya Pantex

Julai 2024 serikali ya Marekani ilitoa hadharani hesabu ya silaha zake za nyuklia, na macho ya wengi yakagota kwenye namba moja: 69. Ndivyo vichwa vya nyuklia, yaani sehemu ya silaha inayolipuka, ilivyovivunja mwaka mzima wa 2023. Mwaka 2020 ilivunja 184, na katikati ya miaka ya 1990 kulikuwa na miaka iliyovuka 1,000. Vilivyokwisha kustaafishwa na vilivyokuwa vikisubiri kuvunjwa vilikuwa kama 2,000. Kwa mwendo wa 69 kwa mwaka, foleni hiyo itaisha baada ya miaka 29 hivi, na hapo tuseme hakuna hata kimoja kitakachoongezwa nyuma yake.

Wakosoaji wanaoiona ndogo mno walishika namba hiyo na hawajaiachia. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia unazitaka nchi zilizonazo zijadiliane kwa nia njema namna ya kuziondoa, na Marekani imo. Afrika Kusini ilianza kuyavunja mabomu yake sita mwaka 1990, ikamaliza 1991, kisha ikawafungulia milango wakaguzi. Aliyeweza kuunda maelfu, wanauliza, anashindwaje kuyafumua?

Nadhani wengi wanaouliza hivyo hawajawahi kujishughulisha kujua kazi yenyewe inakwendaje. Pantex, kiwanda kinachovunja vichwa hivyo, iko kilomita 27 hivi kaskazini mashariki ya Amarillo, Texas, kwenye tambarare ya ng'ombe na ngano. Tangu 1975 Marekani haina kiwanda kingine cha kazi hiyo: kichwa kiwe kinaunganishwa, kinakarabatiwa au kinavunjwa, ni hapo.

Fundi wa Pantex hafanyi kitu kwa kukumbuka tu. Mmoja anasoma hatua kwa sauti, wa pili anaitekeleza, wa tatu anahakiki, ndipo wanageukia hatua inayofuata. Radi zikitishia, baadhi ya kazi zinasimama, na kwenye tambarare zile radi si kitu cha kutafuta. Pagumu kuliko pote ni pale kilipuzi cha kawaida kinapotenganishwa na plutoni, metali yenye sumu na mnururisho iliyo kiini cha bomu. Hilo hufanyika ndani ya chumba cha duara ambacho paa lake ni lundo la kokoto lenye unene wa mita 5 hivi. Kilipuzi kikiwaka, kokoto zinaporomoka na kuifukia plutoni isipeperuke nje. Kokoto hizo zinawalinda walio nje. Walio ndani wanalijua hilo kila asubuhi wanapoingia. Na si hofu ya vitabuni. Mwaka 1977 mlipuko wa vilipuzi uliwaua wafanyakazi watatu kiwandani hapo.

Chukua bomu la B53, lililoanza kuundwa miaka ya 1960: nguvu ya megatoni 9, yaani sawa na tani milioni 9 za baruti ya TNT, uzito wa kilo 4,500 hivi, ukubwa wa kigari cha abiria. La mwisho lilifumuliwa Oktoba 2011. Wengi wa waliolibuni walikuwa wamekwisha kustaafu au kufariki, kwa hiyo ilibidi wahandisi wabuni vifaa na taratibu mpya kabla mtu hajagusa skrubu. Umwambie fundi huyo aharakishe ili namba ipendeze?

Sasa turudi kwenye ile 69. Vyumba vya kuvunjia ndivyo vya kukarabatia, na mafundi ni walewale. Mwaka 2023 Pantex ilikuwa ikiunganisha mabomu ya B61-12, kazi iliyokamilika Desemba 2024, huku ikirekebisha vichwa vya W88 vya nyambizi. Ni kama gereji yenye shimo moja: gari linalotakiwa barabarani linaingia kwanza, mkweche unakaa uani. Anayepanga foleni hiyo hayuko Amarillo. Aprili 2015 John Kerry, akiwa waziri wa mambo ya nje, alitangaza kwamba serikali ya Obama ingependa kuongeza kasi ya uvunjaji kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likaweka kwenye sheria ya ulinzi kikomo cha fedha za kazi hiyo. Mwenye hasira na 69 na aanzie hapo.

Lawama za kuwabebesha mafundi ni za zamani. Mwaka 1981 Askofu Leroy Matthiesen wa Amarillo aliwasihi wanaohusika na bomu la nyutroni, lililokusudiwa kuua zaidi kwa mnururisho kuliko kwa mlipuko, watafakari wanachokifanya, waache kazi hiyo na watafute nyingine ya amani. Namheshimu kwa ujasiri, maana mji wenyewe ulikuwa unakula kwa mishahara ile. Lakini wangemsikiliza wote, sijui nani angevivunja vichwa 12,088 vilivyovunjwa tangu 1994 hadi 2023.

Kama kuna mahali ningewataka wakosoaji wapaze sauti zaidi, ni kwenye neno lenyewe "kuvunja". Kilipuzi huchomwa, sehemu yenye urani hupelekwa Oak Ridge, Tennessee, na mtungi wa tritiamu, gesi inayoongeza nguvu ya bomu, huenda South Carolina. Kiini cha plutoni, ambacho wenyewe wanakiita kwa jina la kokwa la tunda, hakivunjwi. Kinatiwa kwenye chombo chake na kurudishwa ghalani palepale Pantex, ambako yamelala makokwa zaidi ya 10,000. Mwaka 2000 Marekani na Urusi zilikubaliana kila moja iteketeze tani 34 za plutoni ya ziada. Urusi ikasimamisha makubaliano hayo 2016, na miaka miwili baadaye Marekani ikakifuta kiwanda cha kuigeuza iwe fueli ya vinu vya umeme, kikiwa kimejengwa nusu. Hata vichwa hivyo 69 vingekuwa 690, makokwa yangekwenda ghala lilelile.

Tarehe 27 Februari 2024 moto wa nyika ulilisogelea eneo la kiwanda, na wafanyakazi wasio wa lazima wakaondolewa. Makokwa yalibaki. Moto haukuingia, na kesho yake zamu ya mchana ikaingia kazini kama kawaida.