Baba wa katiba ya Norwe na mtoto aliyeitwa George Benjamin

Mimi nikisoma historia za wanasiasa wa zamani huwa naruka hotuba, naenda moja kwa moja kwenye familia, maana jukwaani mtu anaweza kusema lolote ila jina analompa mwanae ni mambo ya moyoni. Sasa kuna huyu Christian Magnus Falsen wa Norwe, kwao wanamwita baba wa katiba. Mtoto wake wa kiume alimpa jina George Benjamin. George ni Washington, Benjamin ni Franklin. Yaani mtumishi wa mfalme, mshahara anakula wa mfalme, halafu nyumbani kuna katoto kanaitwa kwa majina ya watu waliomtimua mfalme wa Uingereza!

Na wala hakutoka kwa walalahoi. Walikuwa mamwinyi kabisa, "de Falsen", umwinyi waliupewa na mfalme wa Denmark mwaka 1758 wakati Norwe iko chini ya Denmark. Baba yake Enevold alikuwa jaji na mshairi pia, mwaka 1807 akaingizwa kwenye kamisheni ya kuendesha nchi, kipindi kibaya mno, Waingereza wamefunga bahari, nafaka haiingii, watu wanachanganya magome ya miti kwenye unga wa mkate. Novemba 1808 mzee akakutwa amekufa majini pale Christiania, ndo Oslo ya leo, na inaaminika alijiua. Christian alikuwa na miaka 26. Wengi hapa wanapita haraka haraka, ila mimi naona huwezi kumwelewa huyu mtu ukiruka hapa, amemwona baba yake akimezwa na kazi ya kumtumikia mfalme aliyekaa mbali Copenhagen, lazima kitu kilibaki kichwani. Hayo ni mawazo yangu lakini.

Januari 1814 Denmark imeshindwa vita, Norwe ikakabidhiwa kwa Uswidi kama shamba linalobadilisha mwenyewe, wenyeji hata hawakuulizwa. Falsen wakati huo ni hakimu tu, anaishi kwenye shamba la Vollebekk huko Ås, akakaa na rafiki yake Johan Gunder Adler wakaandika rasimu. Aprili 10 wajumbe 112 wakakutana Eidsvoll, Falsen akawa mwenyekiti wa kamati ya katiba yenye watu 15, na Mei 17 kazi imeisha. Wiki tano na ushee! Kifungu ninachokipenda mimi ni kile kinachosema mfalme anaweza kukataa sheria, ila mabunge matatu yakiipitisha kwa mfululizo inakuwa sheria atake asitake. Uswidi ilikuja na jeshi kiangazi hicho hicho na muungano ukafanyika kwa lazima, ila katiba ilibaki, ikarekebishwa tu kuupokea muungano.

Sasa hapa ndo stori inapinda. Mwaka huo huo Falsen akateuliwa mkuu wa mkoa wa Nordre Bergenhus, upande wa magharibi kwenye milima na mikono ya bahari, na mkuu wa mkoa si mnajua anakula kwa nani. Miaka ikaenda. Mfalme akawa Karl Johan, yule aliyekuwa jemadari wa Napoleon, na yeye kuanzia 1821 anataka awe na uwezo wa kuua sheria moja kwa moja, basi. Na Falsen, baba wa katiba mwenyewe, akawa upande wa kuuongezea ufalme nguvu! 1822 akapewa cheo kipya cha mwanasheria mkuu, cheo chenyewe hakikudumu, 1825 akapelekwa Bergen kuwa mkuu wa mkoa tena, 1827 akawa Jaji Mkuu.

Wenzake wa zamani walimwona msaliti na siwalaumu, huku kwetu pia wapo, akiwa nje anadai katiba, akipewa ofisi na gari anagundua katiba iliyopo inatosha. Ila mimi sidhani alinunuliwa, naona aliogopa, aliona bunge la wakulima na wafanyabiashara linakuwa na nguvu kuliko alivyotegemea. Bahati nzuri aliiandika vizuri mno. Bunge la 1824 likayatupa mapendekezo ya mfalme, na Falsen naye akawa upande ulioshindwa na katiba yake mwenyewe. Mei 17, 1829 askari wa farasi waliwatawanya watu waliotoka Christiania kuisherehekea siku ya katiba, na Jaji Mkuu wa nchi ni nani? Ni yeye. Januari iliyofuata akafariki akiwa na miaka 47.

Hilo la kuhama kambi namsamehe. Nisilomsamehe ni kifungu cha 2, kilichopiga marufuku Wayahudi kuingia Norwe. Hakikuponyoka kwa bahati mbaya, Falsen alikuwa mmoja wa waliokipigania pale Eidsvoll, huyo huyo shabiki wa Washington, na mwenzake mwingine kwenye hilo alikuwa mchungaji Nicolai Wergeland. Aliyekuja kukipinga kwa nguvu kuliko wote ni mshairi Henrik Wergeland, mtoto wa kumzaa wa huyo mchungaji, alipeleka hoja bungeni, 1842 ikapata kura nyingi ila haikufikisha theluthi mbili, Henrik akafa 1845 akiwa bado anahangaika nacho. Kilifutwa 1851.