Bukta Inayeyuka, Afande!

Tangazo la wito wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilisema wazi: waliopangiwa mikoa yenye baridi waende na nguo za kuzuia baridi. Baba, aliyepita JKT kabla mafunzo ya lazima hayajasitishwa mwaka 1994, akaongeza la kwake: "Mwanangu, Mufindi si Tanga. Beba masweta." Nikabeba kashati ka mikono mirefu. Mimi baridi naijua ya kwenye friji, na nikiichoka nafunga mlango.

Basi lilipofika Ruaha Mbuyuni joto lilikuwa la kwetu kabisa, abiria wananunua vitunguu madirishani. Pembeni yangu kakaa mzee mmoja kajifunika koti zito na kofia ya sufu mpaka masikioni. Nikamhurumia, nikajua ana homa. Tunamaliza kupanda mlima Kitonga, madirisha yote yamefungwa, mzee ananitazama mikono ilivyosisimka.

"Kijana, koti lako liko kwenye buti?"

"Shikamoo mzee," nikajibu. Lingine la kusema sikuwa nalo.

Kambi siitaji, bado wana majina yetu. Kuruta huko maisha yake ni bukta ya bluu yenye mpira kiunoni. Nilikuwa nazo mbili: moja ilichanika kwenye kwata, ya pili ikarudi kutoka shamba imejaa matope. Nikaifua jioni, nikaikamua nusunusu maana vidole vilishagoma. Kamba zimejaa. Nikaitandaza kwenye majani nyuma ya hanga tunamolala, kwa imani ya mtu wa Pwani kwamba nguo haina pa kwenda zaidi ya kukauka.

Filimbi ikalia alfajiri. Nakwenda kuichukua, nashika pindo moja, bukta nzima inainuka, imekakamaa kama bati na unga mweupe juu yake. Ningefanyaje? Atakayechelewa mstarini anajulikana atakachokula. Nikaingiza mguu wa kwanza, nikatoa sauti ambayo hata mama yangu hajawahi kuisikia.

Mchakamchaka ukaanza. Wenzangu wanaitikia nyimbo za chenja, mimi bukta inanigonga mapaja: ko, ko, ko. Baada ya muda mwili ukapata moto, bukta nayo ikaanza kulegea. Hapo ndipo balaa. Maji yakashuka taratibu mapajani, yakapita magotini, yakaingia kwenye soksi. Tochi ikanimulika kwa nyuma.

"Kuruta! Umejikojolea?"

"Hapana afande! Ni bukta inayeyuka, afande!"

Chenja ikakatika. Afande akasema amefundisha makuruta miaka na miaka, ameambiwa ya nyoka bafuni, ya majini, ya bibi yuleyule kufariki mara tatu, lakini nguo kuyeyuka hajapata kusikia. Akataka apelekwe kwenye eneo la tukio.

Tulipofika kulishaanza kupambazuka. Majani yote nyuma ya hanga yalikuwa meupe kwa barafu, isipokuwa kipande kimoja cha kijani kibichi chenye kiuno na miguu miwili mifupi. Afande akakizunguka. Akachuchumaa, akagusa kwa kidole, akanitazama, akakitazama tena.

"Haya, hukujikojolea," akasema. "Sasa ruka kichura mpaka jikoni, kwa kunitoa mimi afande mzima kuja kukagua bukta isiyo na mtu."