Mgonjwa aliyesema haumwi

Niko mwaka wa pili nasomea tiba kazi, na kabla hujauliza, hapana, siyo ofisi ya kutafutia watu ajira, ni ile fani ya kumsaidia mtu aliyeumia au kuugua aweze tena kuvaa shati mwenyewe, kuoga mwenyewe, kushika kijiko, kurudi kwenye shughuli zake. Ndugu zangu nimewaeleza mpaka nimechoka, shangazi yangu bado ananiulizia nafasi za udereva.

Sasa bwana hii ilinikuta wiki yangu ya kwanza wodini. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikesha na notisi za kiharusi nikakutana na kitu kinaitwa anosognosia, yaani kiharusi kinapiga upande wa kulia wa ubongo, mwili unalegea kushoto, halafu mgonjwa mwenyewe hajui kama kuna tatizo. Siyo ubishi, ubongo wenyewe haumpi taarifa. Unamwambia baba nyanyua mkono wa kushoto, mkono umelala vilevile, anakujibu si nimeshanyanyua. Aisee kilinikaa kichwani kile kitu, nikalala naomba Mungu nikutane nacho.

Asubuhi supavaiza wetu, madam mmoja haongei sana ila akikuangalia unajikuta unafunga vifungo vya koti, akanipa faili. Mwanaume, miaka 64, kiharusi, upande wa kushoto dhaifu, kitanda namba 7. Nipime presha na mapigo, nipime nguvu za misuli, halafu nimhamishe kutoka kwenye wilchea kwenda kitandani. "Vipimo anza, ila kuhamisha unisubiri." Hilo unisubiri tutalirudia.

Nafika namba 7, pembeni ya kitanda kuna wilchea, kwenye wilchea kuna mzee. Nikanawa mikono vizuri, kati ya vidole, dole gumba, ncha za kucha, kwa hilo hakuna wa kunilaumu mpaka kesho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana."

"Wewe ndiye wa kitanda namba 7?"

Akageuka akakiangalia kitanda. "Ehee, namba 7 ndiyo hapa."

Darasani tumeimbishwa hii kitu: usimtajie mgonjwa jina aitikie tu, mwache ataje mwenyewe jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa, linganisha na faili na ile bendi ya mkononi, na namba ya kitanda haihesabiki maana kitanda hakiumwi. Mtihani wa swali hilo nilipata zote. Mkononi mwa mzee kulikuwa na saa. Mimi nikaona tu kuna kitu kimezunguka mkono, roho ikatulia.

Nikamwambia nimekuja kukupima. Akashtuka. "Unipime mimi? Mimi siumwi bwana."

Jamani. Nusura nimkumbatie. Nimekesha na notisi halafu dalili yenyewe hii hapa imekuja na miguu yake. Nikamjibu kwa ile sauti ya upole tuliyofundishwa, naelewa mzee wangu, ni kawaida kujisikia hivyo. Akasema "hapana hunielewi, mimi ni mzima kabisa", nami nikaandika kwenye fomu, kwa mwandiko mzuri, mgonjwa anakana ugonjwa wake. Akaniangalia mimi, akaangalia koti jeupe, akapumua, akanyoosha mkono. Baadaye alinieleza alijua ni utaratibu mpya, kila mgeni anayeingia wodini anapimwa.

Presha nikampima na sweta lake, miguu kaikunja nne, na muda wote anaongea ananieleza kwamba yeye ni mzima. Ikatoka 158 kwa 96. Nikatikisa kichwa kama daktari bingwa.

Tukaja kwenye misuli. Hapa unatoa alama kuanzia 0, ambapo msuli hautingishiki kabisa, 3 ni ananyanyua mkono wake lakini ukiweka kizuizi hawezi, 5 ni nguvu kamili. Nikamwambia kunja kiwiko cha kushoto, mimi navuta kukunyoosha, wewe usikubali. Nikavuta. Mzee hakukubali. Nikavuta kwa mikono miwili (huwa hatufanyi hivyo), akanivuta yeye nikaja mpaka karibu na magoti yake kama mtoto anayeitwa kupokea zawadi.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikajisemea labda nimechanganya kushoto na kulia, maana nikimtazama uso kwa uso kushoto kwake ndiko kulia kwangu, hilo kosa wanafunzi wengi tunalifanya. Nikahamia mkono wa pili. Napo 5. Nikajaribu bega, nikajaribu mguu, 5, 5. Basi nikahitimisha kwamba mzee amepona ghafla, tena mikononi mwangu, na madam akirudi akute tayari yuko kitandani. Yaani ndiyo hapo neno unisubiri lilipokufa.

Nikaisogeza wilchea iwe mshazari na kitanda, upande wa kulia ambao ndio wenye nguvu ukiwa karibu na kitanda, nikakunja vikanyagio vya miguu. Breki ya kulia nikaifunga, kaa! Ya kushoto nikaiangalia. Kuiangalia tu. Nikamfunga ule mkanda mpana wa kiunoni wa kumshikilia mgonjwa, nikapiga magoti yangu nusu, nikaliziba goti lake la kushoto kwa goti langu lisije likaachia, mgongo umenyooka, nimejikaza kupokea kilo 80 za mtu aliyelegea.

"Nitahesabu mpaka tatu mzee, nikisema tatu tunanyanyuka pamoja. Moja..."

Mzee akasimama. Simama ile ya mtu kaitwa jina lake benki. Mimi nguvu zote nimeziweka kuvuta, kumbe hakuna cha kuvuta, nikaenda kinyumenyume mkanda ukanichomoka, wilchea nayo kwa kuwa imefungwa breki moja ikazunguka kama feni ikagonga ndoo ya taka, wodi nzima ikageuka. Kabla kichwa hakijafika sakafuni mzee akanidaka kola.

"Pole mwanangu, pole, kaa kwanza upumue." Akanikalisha kwenye ile wilchea, ikateleza upande na mimi mpaka kitanda namba 8.

Hapo ndipo madam akatokea. Ameona mwanafunzi yuko kwenye wilchea anahema, mgonjwa wa kiharusi kasimama wima na mkanda kiunoni anampepea kwa faili. Hakusema kitu. Na mlango wa pili ukafunguliwa, nesi anasukuma kiti kingine anatoka msalani na mzee mwingine kabisa, mkono wa kushoto umelala mapajani. Yule mzee akatukodolea macho.

"Shemeji! Umeanza kuumwa lini?"

Sitaeleza wodi ilivyocheka. Nilijaza fomu ya tukio, ile sehemu ya jina la mgonjwa nikakaa nayo dakika nzima. Madam alivyo hakuniacha hivihivi, akaniamuru nirudie presha ya shemeji kama inavyotakiwa, mkono bila sweta, nyayo zote chini, mgongo umeegemea, akae kimya dakika 5. Ikatoka 128 kwa 80. Shemeji akasema si nilikwambia.

Halafu nikanawa tena, nikafunga breki zote mbili nikazitingisha, nikainama mbele ya mzee wa kwenye kiti kipya.

"Shikamoo baba. Naomba uniambie jina lako kamili na tarehe yako ya kuzaliwa."

Akataja vyote, vinalingana na faili. Nikaomba mkono, bendi ipo, nikaisoma mara tatu. Nikamwambia nimekuja kukupima baba, naomba unyanyue mkono wa kushoto. Mkono haukutingishika.

"Si nimeshanyanyua," akasema. "Mimi siumwi mwanangu." Akainua mkono wa kulia akamwonyesha shemeji yake. "Anayeumwa ni huyo, umemwacha aende wapi?"