Batiki Nayo Ipewe Ukuta

Wiki iliyopita, kwenye maonyesho ya sanaa hapa Mwanza, picha za twiga na machweo ya ziwa zilipewa ukumbi. Akina mama wa batiki wakapangiwa meza nje, kati ya sabuni za maji na siagi ya karanga. Nikamuuliza mwandaaji sababu. "Zile ni kazi za mikono, kaka. Sanaa iko ndani." Mpaka leo linaniuma.

Simon Hantaï, mchoraji mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Paris, alianza mwaka 1960 kukunja kitambaa cha kuchorea, kukifinya, wakati mwingine kukifunga mafundo, akakipaka rangi, kisha akakikunjua. Palipofichwa na mikunjo pakabaki peupe. Mwaka 1982 aliiwakilisha Ufaransa kwenye maonyesho makubwa ya Venice.

Sasa njoo Igoma, uani kwa mama mmoja ninayemfahamu. Anakipiga kitambaa cha pamba marinda membamba, anakaza kwa uzi wa nailoni uleule wa kushonea nyavu, anauvuta mpaka unamwachia alama vidoleni. "Hapa nikilegeza, mwanangu, rangi inaingia, ua linakufa." Anakitumbukiza kwenye beseni la rangi, kostiki soda na maji ya moto. Kikitoka kina rangi moja. Kikipigwa na hewa kinageuka nyingine unakiona. Akishakata uzi hasemi kitu. Anakitandaza, anakizunguka, anakitazama kwa mbali. Kuna vingine anavikunja upya na kuvirudisha beseni, ingawa mteja angevinunua vilevile. Anayekataa kazi yake mwenyewe kwa jicho lake mwenyewe, mnamwitaje kama si msanii?

Haya, nakubali: batiki nyingi za pale sokoni Makoroboi, hapa mjini, zinafanana, zimefungwa kwa mazoea. Twiga nao wanafanana, na ukumbini waliingia. Na wanaosema batiki ni nguo ya kuvaa tu, wajue kwamba Hantaï mwenyewe aliihusisha mikunjo yake na aproni ya mama yake, iliyokunjwa na kupigwa pasi huko kwao, kijiji cha Bia, Hungaria.

Waandaaji, mwakani mpeni mama yule ukuta mmoja. Kitambaa kitundikwe kizima, kisikatwe mashati. Jina lake liandikwe pembeni kama ya wengine, na bei aitaje mwenyewe.